Bendera ya Mji wa Chicago

Mgeni afikaye Chicago, mji mkubwa wa Marekani ulio kando ya Ziwa Michigan, huiona bendera yake juu ya majumba ya serikali na hata katika madirisha ya maduka.

Bendera hiyo ilibuniwa na Wallace Rice, ikakubaliwa na baraza la mji mwaka 1917. Ni nyeupe, yenye mistari miwili ya samawati. Sehemu tatu nyeupe ni pande za mji: kaskazini, magharibi na kusini. Samawati ni maji ya ziwa na ya mto, ambayo ndiyo yaliyoukuza mji kwa biashara.

Katikati zimo nyota nne nyekundu, kila moja ina ncha sita. Ya kwanza ni ngome ya Dearborn, iliyojengwa mwaka 1803. Ya pili ni moto wa mwaka 1871, ulioua watu wapatao 300 na kuwaacha kama 100,000 bila makao. Mbili za mwisho ni maonyesho makubwa ya mwaka 1893 na 1933. Hapo kwanza zilikuwa mbili tu. Ya maonyesho ya pili iliongezwa mwaka 1933, na ya ngome mwaka 1939.

Ni jambo la kusifiwa kwamba watu wa mji ule waliupandisha msiba wao mlingotini wasiufiche. Lakini Jean Baptiste Point du Sable, mtu mweusi aliyekaa hapo na kufanya biashara kabla ya ngome kujengwa, hakupewa nyota. Mwaka 2021 barabara kuu ya kando ya ziwa ilipewa jina lake.