Maruku: Siku mtoto alipopimwa kwenye mizani ya kahawa

Nilikwenda Maruku kumwona mama. MV Victoria iliondoka Mwanza jioni, ikatufikisha Bukoba asubuhi, nami nikapanda gari la abiria kutoka mjini. Ukiwa njiani huhitaji kuambiwa kuwa uko Uhayani. Pande zote mbili ni migomba, chini yake mibuni, na nyumba zimejificha katikati ya vibanja. Mara migomba inakwisha, unakatiza rweya, yale maeneo ya nyasi tupu, kisha kijiji kingine kinaanza.

Wengi wanaijua Maruku kwa kituo chake cha utafiti wa kilimo, kinachoshughulika na ndizi. Mimi naijua kwa mteremko wa njia ya sokoni. Huku mvua haina likizo ndefu, na kila inaponyesha huchimba mifereji mipya katika udongo mwekundu.

Barazani nilimkuta mtoto wa dada yangu, mwenye miaka 11, ana plasta kidevuni na viganja vimechubuka.

"Shikamoo mama mdogo," alisema bila kunyanyuka.

"Marahaba. Umefanya nini?"

"Baiskeli imenirusha."

Mama alitoka jikoni akifuta mikono. "Waitu, kosa ni langu," alisema. "Mimi ndiye niliyesema ikazwe."

Baiskeli yenyewe ni ya mtumba, mama aliinunua ili mjukuu asitembee sana kwenda shule. Ni zile zenye shokapu moja nyuma, chini ya kiti. Watoto wanazipenda kwa sababu zinafanana na pikipiki. Lakini siku za soko baiskeli hiyo ilikuwa na kazi ya pili. Mama alifunga mikungu miwili kwenye keria, na mtoto akaisukuma hadi sokoni. Mzigo ukawa unadidimiza nyuma kila penye shimo, tairi linasugua. Jirani akaja na spana, akakaza ringi ya shokapu hadi mwisho. Tatizo la ndizi likaisha.

Tatizo la mtoto ndipo lilipoanza. Ndizi zilipouzwa, alipanda baiskeli tupu kurudi nyumbani. Kwenye mteremko gurudumu la nyuma liligonga ukingo wa mfereji, likaruka, naye akapita juu ya usukani.

Kwa kazi yangu ya kuandika habari za afya, swali langu la kwanza lilikuwa kichwa. Alitapika? Alisinzia kuliko kawaida? Alichanganyikiwa, au alilalamika kichwa kinazidi kuuma? Hapana. Mzazi, ukiona mojawapo ya dalili hizo baada ya mtoto kuanguka, au akipoteza fahamu au kupata degedege, usisubiri kesho, mpeleke kituo cha afya mara moja.

Siku iliyofuata tuliikokota baiskeli hadi kwa fundi. Anafanya kazi chini ya mti, na pembeni ana boksi la shokapu kuukuu. Aliangalia plasta kabla ya kuangalia baiskeli.

"Kijana ana kilo ngapi?" aliuliza.

Hatukujua. Mama anakumbuka uzito wa kila mkungu aliouza mwezi huo, lakini uzito wa mjukuu aliujua mara ya mwisho alipokuwa kliniki ya watoto wachanga. Msimu wa kahawa ulikuwa umeanza, na karibu hapo watu walikuwa wanapima magunia. Fundi akaomba mizani. Mtoto akapanda huku wenzake wakicheka. Kilo 31.

Fundi alitufuta vumbi kwenye springi tuone namba: 750. Namba hiyo ni ugumu. Maana yake ni kwamba kuibana springi hiyo kwa inchi moja, yaani sentimita mbili na nusu, kunahitaji nguvu ya pauni 750, karibu kilo 340. Hiyo ni springi ya mtu mzima.

Kisha akapima kwa rula kutoka bolti ya juu ya shokapu hadi ya chini, kwanza kiti kikiwa kitupu, halafu mtoto amekaa. Hakuna kilichobadilika. Baiskeli haikujua kama kuna mtu juu yake.

Kipimo hiki ndicho wanachoanza nacho hata waendesha baiskeli wa mashindano ya milimani. Mwenye baiskeli anapokaa, shokapu inatakiwa ishuke karibu robo ya urefu inaoweza kubonyea, au zaidi kidogo. Ikiweza kubonyea sentimita tatu, ishuke kama milimita nane. Isiposhuka kabisa, gurudumu haliwezi kufuata mashimo, linayaruka. Ikishuka sana, inagota kila penye tuta.

Fundi alilegeza ringi. Shokapu ikashuka milimita tatu tu. "Ringi haibadilishi ugumu wa springi," alieleza. "Inaibana tu mapema. Springi yenyewe ni ileile."

Niliuliza kama anaweza kuikata ipungue nguvu. Akacheka. Springi ikikatwa inazidi kuwa ngumu, kwa sababu mizunguko iliyobaki ni michache. Na ukiipasha moto ilegee, chuma kinapoteza uimara na inaweza kuvunjika njiani.

Alichimba kwenye boksi akatoa springi yenye waya mwembamba zaidi, urefu uleule. Akafunga, akapima tena. Milimita saba. "Hapo amekaa," alisema.

Alituonya jambo moja. Shokapu nyingi za baiskeli za bei nafuu hazina oili ndani. Oili ndiyo inayopunguza kasi ya springi kurudi, kama unavyosukuma maji kwenye bomba la sindano: yanapita tundu dogo, kwa hiyo yanakwenda polepole. Bila oili springi inarusha. Kwa hiyo mteremko ni wa breki na mwendo mdogo, na kofia ngumu kichwani.

Kisha akamgeukia mama. "Bibi, hii sasa ni ya mtoto. Ukiweka mikungu italala chini. Chagua moja."

Mama hakujibu haraka. Boda wa kupeleka ndizi anataka hela, na hela hiyo inatoka kwenye ndizi hizohizo. Nilikuwa nahesabu kitu kingine. Mikungu ile miwili ilikuwa na kilo kama 40. Mtoto wa kilo 31 alikuwa anasukuma mzigo unaomzidi uzito, na sote tuliangalia kama shokapu inahimili.

Dawa mseto ya malaria tunaipima kwa kilo. Mtoto wa kilo 31 hupewa vidonge vitatu kwa dozi, mtu mzima vinne, na hakuna mzazi anayesema "mpe tu kama baba yake". Lakini baiskeli, begi la shule na ndoo ya maji tunakadiria kwa macho.

"Iwe ya shule," mama alisema mwishoni. "Ndizi nitajua."

Mtoto alinuna kidogo, maana kila siku ya soko alikuwa anapewa hela ya andazi. Bibi yake akamwahidi andazi litabaki palepale.

Fundi alitaka arudishwe shule zikifungwa, kwa sababu watoto wanaongezeka kilo na springi haiongezeki. Tulipofika nyumbani mama alichukua kipande cha mkaa, akaandika nyuma ya mlango wa jikoni: 31.