Krismasi kwa Rumanyika: wachumba wa Dar watua Karagwe

Wachumba fulani wa Dar Krismasi hii hawakwenda Zanzibar. Binti alimpeleka mwenzie kwao Karagwe, wazee wamwone kabla ya mahari. Kutoka Kayanga wakapanda bodaboda hadi Bweranyange, makao ya kale ya Mukama Rumanyika. Jamaa alitarajia kuta za mawe, akanuna: "Ndo hapa?"

Binti akamjibu kwamba nyumba zilikuwa za nyasi. Ila Krismasi ya 1861 Rumanyika alimtumia mgeni wake Speke ng'ombe mzima, kisa kasikia Waingereza siku hiyo hula vizuri. Grant, mwenzake Speke aliyeugua mguu, alitunzwa huko miezi kadhaa.

Jamaa kimya. Jioni babu akamsogezea sahani ya senene. Yeye aliyeapa hali wadudu akala, akaomba tena. Kikao cha mahari ni Januari.