Si kichwa ngumu, labda hasikii

Hapa Nakivale tuko watu wa Kongo, Burundi, Rwanda na Somalia, kila nyumba na lugha yake, lakini neno "kichwa ngumu" lipo kwa wote. Mtoto anaitwa mara tatu, haitiki. Anatumwa maji, analeta kuni. Anachapwa. Mtaani kwetu mmoja alichapwa hivyo mpaka karibu miaka mitano, ndipo mwalimu akasema apelekwe akaangaliwe masikio. Kumbe sauti ya mtu akiongea ilikuwa haimfikii.

Wazazi wengi wanatuambia: "Mbona nikigonga sufuria anashtuka?" Ndiyo, anaweza kushtuka. Sufuria ina kelele kubwa, na ukipiga makofi nyuma yake huenda ameona kivuli tu, au upepo umemgusa shingoni. Wengine wanasikia kelele nzito, lakini herufi kama s na f zinapotea kabisa. Mtihani wa sufuria unadanganya.

Kipimo chenyewe hakiogopeshi. Kwa mtoto mchanga wanaweka kidude laini mlangoni mwa sikio. Kinatoa sauti ndogo, halafu kinasikiliza, maana sikio lenye afya hurudisha mwangwi mdogo sana kutoka ndani. Hakuna sindano, ni dakika chache, na vizuri mtoto awe amelala (kwa hiyo mama, mnyonyeshe kwanza). Asipopita mara ya kwanza, si lazima awe kiziwi; majimaji ya kuzaliwa yanaweza kuwa bado sikioni. Anapimwa tena. Shida ni wale wasiorudi.

Wataalamu wanataka mtoto apimwe kabla ya mwezi 1, ijulikane kwa hakika kabla ya miezi 3, aanze kusaidiwa kabla ya miezi 6. Sisi wengine tulizaliwa njiani, nani angetupima? Ndiyo maana tunawaomba ninyi wafanyakazi wa misaada: siku ya chanjo, mtoto akiwa tayari mikononi mwenu, mwulizeni mama na habari ya masikio. Alichelewa kulia alipozaliwa? Aligeuka manjano sana? Ameugua surua, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani? Anatoka usaha sikioni? Na sisi tunaolea wadogo zetu tuangalie: wa miezi 6 ageukie sauti, wa mwaka 1 aitikie jina lake. Kama sivyo, habari za "atakua, ataongea" tuziache, twende kituoni.

Kuna wanaouliza, kumpima ni kwa faida gani wakati kifaa cha kusikia ni ghali na betri zinaisha? Swali la haki. Lakini lugha ya alama haina betri. Katiba ya Uganda ya 1995 yenyewe inataja kuikuza. Mtoto akijulikana mapema, mama anaweza kuanza jioni ileile: akae mbele yake, waangaliane, amwonyeshe kwa mikono "kula", "maji", "njoo". Fimbo ile iingie jikoni, iwashe moto.