Mto Umevukwa, Vijito Je?

Basi litokalo Dar es Salaam kwenda Lindi likishaipita Ikwiriri, abiria huanza kunyoosha shingo madirishani. Mbele yao umelala Mto Rufiji, mpana, wa rangi ya udongo, ukiyachukua maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu hadi baharini. Karibu moja ya tano ya ardhi ya Tanzania Bara humimina mvua zake humu. Basi halisimami, kwa muda wa dakika moja hivi limekwisha vuka Daraja la Mkapa.

Wazee waliomo garini hawaidharau dakika hiyo. Kabla ya mwaka 2003 kivuko kilikuwa pantoni ya Ndundu. Magari yalipanga foleni, na wasafiri wakakesha ukingoni pamoja na watoto na mizigo yao wakingoja zamu. Masika yakishika na mto ukafurika, njia ilikatika, na watu wa Lindi na Mtwara wakawa kama wakazi wa kisiwa.

Binadamu amehangaika na mito tangu alipolaza gogo la kwanza juu ya kijito. Warumi walijenga matao ya mawe, kwani jiwe hustahimili kugandamizwa, bali likivutwa hukatika. Mwaka 1779 Waingereza walisimamisha daraja la chuma cha kusubu juu ya Mto Severn. Baadaye mafundi waliozesha zege na nondo: zege likabeba uzito, nondo zikazuia mvuto usilipasue. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, ni tunda la elimu hiyo. Hata hivyo, katika bonde la mchanga kama hili, sehemu ngumu ya kazi haionekani kwa macho. Ni msingi, ambao hauna budi kushika imara mahali ambapo mto huchimba na kufukia kila mwaka.

Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipiga pwani ya kusini. Daraja kubwa lilisimama. Barabara ilikatika mbele yake, sehemu za Somanga wilayani Kilwa, ambako maji yalizoa tuta na makalavati. Mabasi na malori yalikwama pande zote mbili kwa siku kadhaa, na wazee wakakumbuka Ndundu. Vijito ambavyo abiria hata majina yake hawayajui vilifanya jambo ambalo Rufiji yenyewe haikuliweza.

Hapana shaka daraja kubwa ni fahari ya taifa. Hupewa jina, hukatiwa utepe, hupigwa picha. Kalavati halipati heshima hiyo. Lakini mgonjwa anayepelekwa hospitali hupita juu ya yote mawili, na safari yake ni imara kwa kadiri ya lile lililo dhaifu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Barabara ya Kusini imetuonyesha kwamba ufa wenyewe huanzia chini ya tuta, mahali ambapo basi hupita bila mtu kunyoosha shingo.