Miti ya Bibi na Miti ya Babu

Kutoka Lushoto kwenda Unguja, njia ya kawaida ni kushuka kona za Soni hadi Mombo, kushika barabara kuu mpaka Dar es Salaam, kulala huko, kisha asubuhi kupanda boti. Mara yangu ya kwanza kuifuata njia hiyo ilikuwa Januari, siku chache baada ya Sikukuu ya Mapinduzi. Kikapuni nilibeba maplamu na mapeasi. Rafiki yangu niliyesoma naye chuo alikuwa amenialika kwa babu na bibi yake, shambani upande wa Kizimbani, na kwetu mgeni haendi mikono mitupu. Mwezi huo milima ya Usambara huwa imejaa plamu.

Bahari ilikuwa shwari. Tuliposhuka bandarini Malindi, rafiki yangu alinipitisha soko la Darajani, lile la mwaka 1904, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba nimefika mahali ambapo tunda ni jambo zito. Mafungu ya shokishoki yalipangwa chini, mekundu, yenye nywele. Kando yake, madoriani. Mzee mmoja aliinua doriani, akalinusa kwenye kikonyo, akalitikisa karibu na sikio, akalirudisha, akachukua jingine. Mama aliyekuwa akipita nyuma yake alijifunika pua kwa ncha ya mtandio na kuongeza mwendo. Wote wawili ni wenyeji, soko ni lao, tunda ni lao tangu utotoni. Nilitaka sana kujua ni nini kilichowatenganisha.

Gari la shamba lilipojaa, utingo aliyaweka madoriani ya abiria juu ya keria, na hakuna aliyelalamika.

Kizimbani inakumbukwa kwa mikarafuu ya mwanzo ya Unguja, iliyopandwa mwanzoni mwa karne ya 19. Shamba la Babu ni miongoni mwa zile eka tatu zilizogawiwa wakulima baada ya Mapinduzi ya 1964. Mingi ya miti mikubwa aliikuta imesimama, mwenyewe akaongeza mingine, na Bibi naye akaongeza yake. Nasema "yake" kwa sababu ndani ya shamba lile miti ina wenyewe, hata kama hati ni moja.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu. Bara hawajambo?"

Kabla hata ya maji ya kunywa alinichukua kuiamkia miti. Huu mwembe ni dodo, ule boribo, wa kule pembeni ni sindano, na huu mkubwa hauna jina, ulijiotea wenyewe kwenye kokwa iliyotupwa, lakini embe lake halina mfano. Bibi, aliyekuwa akitufuata taratibu na ungo mkononi, alisema embe la mti ule lina nyuzi mpaka kwenye meno na linanuka mafuta ya taa. Babu alisema harufu hiyo ndiyo embe lenyewe. Embe lisilo na harufu hiyo ni sukari tu. Walisema hivyo bila ukali, kama watu waliokwisha kuzungumza jambo lile miaka mingi na hawana haraka ya kulimaliza.

Miti ya Bibi iko karibu na jiko: mbirimbi, mndimu, mdanzi, mkwaju, na mwembe mfupi ambao maembe yake hayaachwi kuiva. Yeye huonja tunda akiwa na chungu akilini. Embe bichi linakwenda kwenye mchuzi wa samaki, birimbi linakwenda kwenye achari, na danzi, ambalo Babu hawezi hata kuliweka mdomoni, ndilo analokamulia samaki kabla ya kumkaanga. Kwa Bibi tunda lisilo na ukali halina kazi. Watoto wa nyumba ile wako upande wake: niliwakuta ukumbini na embe bichi lililokatwa vipande, chumvi na pilipili ya kusaga, machozi yakiwatoka na mikono ikirudi sahanini.

Shokishoki lilinipendeza mara moja. Lakini hata hapo kulikuwa na pande mbili. Mti mmoja matunda yake ni matamu, ila nyama hung'ang'ania kokwa na kutoka na ganda lake gumu. Mwingine nyama huachia vizuri, lakini ina uchachu. Rafiki yangu huchagua ule wa kwanza na kutema maganda kwa subira. Mimi nilichagua wa pili, na bado nauchagua.

Doriani lililetwa alfajiri. Babu hachumi. Tunda likiiva huanguka lenyewe, mara nyingi usiku, na asubuhi Babu hupita chini ya mti kuliokota kabla watoto hawajaamka, maana tunda la kilo mbili lenye miiba si la kumwangukia mtu kichwani. Alilikalisha juu ya gunia uani, akatafuta mishono yake kwa ncha ya panga, akalipasua. Ndani kulikuwa na vyumba vitano na nyama ya manjano hafifu. Bibi alikuwa amekwisha kuhamia upande wa pili wa nyumba. Rafiki yangu pia, aliyekulia chini ya mti ule, aliondoka.

Harufu ilinifikia kwanza: kitunguu kilicholala, na nyuma yake kitu kitamu kizito. Kipande cha kwanza nilikimeza nikifikiria kitunguu tu. Cha pili nilikisikia kile kingine, malai yenye uchungu kwa mbali, na cha tatu nilikichukua bila kukaribishwa. Babu alifurahi kwa namna ambayo siwezi kuisahau. Ndani ya nyumba ile alikuwa akila peke yake.

Tabia ya doriani kugawa watu haikuanza Unguja. Tunda hili asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki, na huko kwao Singapore imelipiga marufuku ndani ya treni zake. Hata wanaolipenda hawakubaliani: Malaysia husubiri lianguke, laini na lenye uchungu, kama Babu, ilhali Thailand hulikata mtini mapema, likiwa bado gumu kidogo na harufu yake imepoa.

Mchana nilitoa kikapu changu. Babu alikula peasi moja kwa adabu na kuuliza kama ndivyo lilivyo au halijaiva. Bibi aliuma plamu, akafumba jicho moja, akasema, "Hili lina ukali mzuri," na kuita chumvi. Jioni maplamu yaliyobaki aliyaponda na pilipili na ndimu, yakaliwa na changu wa kukaanga. Kwetu plamu huliwa tupu au huchemshwa jamu. Sijawahi kulila tamu kama nilivyolila jioni ile likiwa chachu.

Bibi alitaka kokwa apande. Nilimweleza kwamba mplamu unahitaji miezi ya baridi ndipo utoe maua vizuri, na Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya bahari. Hapa utakuwa majani tu. Kwa sababu hiyo hiyo mdoriani hauwezi kwetu. Sehemu ya ladha zetu tumechaguliwa na mwinuko wa nchi kabla hatujazaliwa.

Lakini sehemu nyingine tunachagua, na hiyo ndiyo iliyonishika. Eka tatu zile zina miembe ya namna nyingi kwa sababu wenyewe hawajakubaliana. Angelikuwa Babu peke yake, mkwaju na mdanzi ingekwisha kuwa kuni. Angelikuwa Bibi peke yake, mdoriani ungekatwa zamani. Mtoto wao anayeuza mjini angependa miche ya kubebesha tu, embe kubwa lisilo na nyuzi, linaloiva kwa pamoja, na hoja yake ni ya haki, kwani mteja hulipa kwa macho. Miche hiyo ipandwe, lakini mwembe uliojiotea, ukikatwa, hakuna mwingine kama huo duniani: mti wa kokwa mara nyingi hauzai sawa na mama yake. Na mashamba ya kuzunguka mji yanageuka viwanja. Kila nyumba inayomwagiwa msingi huenda imekalia embe ambalo halina jina wala pacha.

Siku ya kuondoka nilisema nina shangazi Muheza, chini kwenye joto, mwenye uwanja mpana. Babu akanifungia maembe ya mti usio na jina. Bibi akanitolea yale ya sindano, akisema shangazi ni mpishi na asipewe tabu ya nyuzi. Nilipita Muheza nikamkabidhi yote. Shangazi aliyala kwa utulivu, akaosha kokwa, akazipanda kwenye makopo mawili, kisha akaniuliza upi kati ya miti hiyo ni wa kuuweka karibu na dirisha la jiko. Nikamwambia ule wa Babu. Mjomba, aliyekuwa mlangoni, akasema hapana, wa nyuzi uende kule bondeni.