Mzee Alisema Kweli

Nilimvunjia heshima fundi mmoja wa pikipiki, mtu mzima wa kunizaa, mbele ya vijana anaowafundisha kazi. Nilimwambia anazungumza asichokijua. Asiyejua nilikuwa mimi.

Tulikuwa tumeizunguka BSA Bantam kuukuu, pikipiki nyepesi ya kuchanganya petroli na oili. Nikawasifu Waingereza walioileta mwaka 1948. Mzee akasema kwa upole, “Asili yake Ujerumani, mwanangu. Nilishawahi kufungua DKW. Injini ni hii hii, ila imegeuzwa upande.” Nikamjibu kwa dharau asome nembo ya kwenye tangi. Vijana wakacheka. Mzee akanyamaza, nami nikajiona nimeshinda.

Baadaye nilisoma, na kila nilichosoma kilikuwa upande wake. Bantam ni nakala ya DKW RT 125 ya mwaka 1939, kazi ya Hermann Weber katika kiwanda cha Zschopau, Saxony. Injini hiyo ilitumia mfumo wa Adolf Schnürle: matundu ya silinda huelekeza mchanganyiko mpya kwenye ukuta wa nyuma, ukapanda, ukageuka na kuusukuma moshi nje. Hivyo pistoni haihitaji nundu kichwani. Huwa bapa na nyepesi.

Ujerumani iliposhindwa vitani, michoro ikachukuliwa kama fidia. Wasovieti wakaunda Moskva M1A, Wamarekani Harley-Davidson 125, Waingereza Bantam. Hata YA-1, pikipiki ya kwanza ya Yamaha mwaka 1955, ilifuata RT hiyo hiyo. Waingereza waliigeuza injini, kushoto ikawa kulia, ili kanyagio la gia likae upande waliouzoea. Jambo hilo mzee alilitambua kwa mikono yake, nami nikaona halina thamani kwa kuwa sikulikuta kitabuni.

Nilimdhulumu na Weber pia. Wasovieti walimchukua baada ya vita, akafia kwao mwaka 1948, mwaka ule ule Bantam ilipotoka. Sifa ya kazi yake nikawapa wengine.

Nimekwenda kumwomba mzee radhi, akanisamehe. Lakini nilimwaibisha hadharani, na radhi ya faragha haiwezi kulifuta hilo. Kwa hiyo nawaambia vijana wale: mwalimu wenu alisema kweli. Mlicheka kwa sababu yangu, na kosa lilikuwa langu.