Ufipa, nyanda za juu zinazopokea na kutuma vijana wa misheni

Juni ikiingia, Sumbawanga hulala mapema. Mji uko mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa milima ya Mbizi humfanya hata mwenyeji avae koti zito kwenda sokoni. Magharibi, nyanda za juu za Ufipa zinaporomoka hadi Ziwa Tanganyika; mashariki zinaporomoka hadi bonde la Ziwa Rukwa, kwenye joto na mbu. Katikati ni nyasi, mahindi, maharage, ulezi, na makanisa mengi.

Huku si ajabu mama akiulizwa mwanawe yuko wapi ajibu, “Yuko misheni, Zambia,” kama mwingine anavyosema wake yuko Mbeya.

Mazoea hayo yalianzia ziwani. Mwaka 1885 Wamisionari wa Afrika, ambao wazee huwaita Mapadre Weupe, walikabidhiwa ngome ya Wabelgiji pale Karema, leo Mkoa wa Katavi. Baadaye wakapanda Ufipa na kufungua misheni kama Kate na Mwazye. Wengi walikuwa vijana. Mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, aliwaachia masharti ambayo mzazi yeyote angeyapenda: wasiishi pungufu ya watatu nyumba moja, waongee lugha ya wenyeji, wale chakula chao. Basi padre aliyesoma miaka mingi Ulaya alianza upya, akirekebishwa na watoto namna ya kutamka “maji” na “moto”. Na kwa Wafipa salamu peke yake ni somo: mdogo anachuchumaa mbele ya mkubwa, anapiga makofi taratibu, hana haraka.

Lakini kati ya waliofika Karema, mmoja ambaye wazazi wanapaswa kumjua hakuwa Mzungu. Adrian Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, katika Mali ya leo, akaibwa na wafanyabiashara wa watumwa akiwa mtoto. Mapadre walimkomboa, wakamlea Aljeria, kisha wakampeleka Malta kusomea utabibu. Alifika Karema mwaka 1889, kijana wa miaka ishirini na kitu, awe tabibu na katekista. Ndiyo yalikuwa maisha yake: wagonjwa, vidonda, upasuaji kwa vifaa vichache, na mafundisho ya dini. Alioa huko huko, mwanawe Joseph akapadrishwa mwaka 1923, na yeye mwenyewe akafariki Karema mwaka 1956. Wazazi wake, kule kwenye Mto Niger, hawakumtuma misheni. Hakuna aliyewauliza.

Mzazi wa Ufipa leo anaulizwa, na hapo ndipo ugumu ulipo, maana jibu ni lake. Kijana anayejiunga na shirika hilo husoma falsafa, kisha huingia mwaka wa malezi ya kiroho, kisha hutumwa miaka miwili katika nchi nyingine ya Afrika kabla ya teolojia. Mwaka ule wa kiroho wengine huufanyia Kasama, Zambia. Huko si mbali: unavuka mpaka Kasesya, unapita Mbala. Wamambwe na Walungu wako pande zote mbili, na kijana anaweza kukuta huko shangazi wa ukoo ambaye hakuwahi kumwona.

Ugeni wenyewe huanza anapotumwa, tuseme, Burkina Faso. Mtoto wa baridi anakutana na Aprili yenye joto la nyuzi 40. Malaria, ambayo kwenye nyanda za juu haikumsumbua sana, sasa inamlaza kitandani. Miezi ya mwanzo kazi yake kubwa ni lugha: Kifaransa, na juu yake lugha ya kijiji. Anakosea, wanamcheka, anacheka nao. Asubuhi ni sala na misa, mchana anapanda pikipiki nyuma ya katekista kwenda vigangoni, jioni anafua soksi zake mwenyewe. Anaoishi nao huenda ni Mkongo, Mhindi na Mpolandi, na mezani hakuna anayeongea lugha ya mama yake. Chakula angalau kinamfariji: ugali wa uwele, ambao wenyeji huuita tô, haumshangazi mtu aliyekulia ugali wa ulezi.

Kuna jambo ambalo familia nyingi huliogopa, nalo ni msiba. Baba akifariki mtoto akiwa Ouagadougou, mazishi kijijini hayatasubiri nauli ipatikane; atakuja kuonyeshwa kaburi. Kuna pia shamba lililokosa mikono, na wajukuu ambao hawatazaliwa. Afadhali wazazi wayaseme haya mezani kijana akiwa bado nyumbani, hata kama padre mlezi yupo, hata kama yataonekana kama kumvunja moyo. Kijana anayeondoka akijua baba yake amelikubali kaburi hilo huondoka na mzigo mmoja pungufu.

Baada ya hapo inabaki simu. Burkina Faso iko nyuma kwa saa tatu. Mama anapofunika moto saa tatu usiku, blanketi mabegani, kule ndiyo kwanza saa kumi na mbili jioni, na kijana anarudi kutoka kigangoni na vumbi miguuni. Mtandao ukikubali, anamuuliza kama amekula.